Ngome Iliyowafungulia Wakulima Lango

Katika kisiwa cha Corfu, nchi ya Ugiriki, yako magofu ya ngome ya kale iitwayo Angelokastro. Yapo juu ya jabali la kimo cha futi elfu moja hivi, ukingoni mwa bahari. Mgeni aendaye kuyazuru hufika kwanza kijiji cha Krini, kisha hupanda kwa miguu. Njia si ndefu, lakini hutoa jasho.

Akisha kupita lango, haoni jumba la fahari. Huona kuta zilizobomoka, matangi matatu ya maji yaliyochimbwa chini ya ardhi, na kileleni kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli. Karibu nalo yamo makaburi saba yaliyochongwa mwambani kwa umbo la mwili wa mtu. Kutoka hapo macho hufika mbali, upande mmoja baharini, upande wa pili hata mji wa Corfu. Kwa hiyo walinzi waliweza kuziona merikebu za adui mapema.

Ngome hii ilikuwapo tayari mwaka 1272, na tangu 1386 kisiwa kilitawaliwa na watu wa Venice. Mwaka 1537 Waturuki walikishambulia. Ngome ya mjini haikutekwa, lakini wanawake, watoto na wazee wengi walinyimwa nafasi ndani yake, na maelfu ya watu wa kisiwa walichukuliwa utumwani.

Waturuki waliporudi mwaka 1571, wakulima wa vijiji vya jirani walikimbilia Angelokastro. Lango likafunguliwa, nao wakasaidiana na askari kuilinda, hata adui akarudi nyuma bila kuitwaa. Mwaka 1716 pia, vita vilipokizunguka tena kisiwa, wanavijiji walipata kimbilio humo.

Wengi wapandao huko husifu jabali na kuta. Lakini jabali tupu halimnyweshi mtu mwenye kiu, na ukuta haumfai aliyefungiwa nje. Wazee husema tahadhari kabla ya hatari. Waliochimba matangi yale walikinga maji ya mvua siku za amani, na waliolinda lango walijua ni wakati gani wa kulifungua. Kwa mambo hayo mawili wakulima wale walirudi mashambani mwao wakiwa hai, tena watu huru.