Msisingizie hewa ya Kitale

Leo naacha programu kando kidogo, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona sijaenda mbali. Nina ugomvi na mafundi. Si wote jamani, wapo wazuri sana, bali wale wanaoshika bisibisi kwanza na kuuliza baadaye, kama wanauliza. Ugomvi wenyewe ni juu ya kabureta.

Mjomba wangu ana pikapu ya Peugeot 504 ambayo kazi yake ni kubeba mahindi na vitunguu kati ya Kitale na Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Gari likaanza kutoa moshi mweusi, petroli ikanuka hadi ndani ya kebini, na tangi lililokuwa likitosha safari mbili likawa halimalizi hata moja na nusu. Kwa mtu anayesubiri kwa wasiwasi bei mpya ya EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, hiyo ni faida yote kupotelea kwenye eksozi.

Karakana ya kwanza, Bungoma, ikazungusha skrubu ya mchanganyiko. Ya pili, Kitale, ikauza plagi nne mpya. Ya tatu ikatoa jeti kuu na kuisugua kwa uzi wa chuma wa waya wa breki ya baiskeli. Aliporudi tena kwa wale wa kwanza wakamwambia: "Mzee, hapa Bungoma gari liko sawa. Hiyo ni hewa ya Kitale. Huko juu hewa ni nyepesi. Nunua kabureta nyingine."

Haya, tuitazame hiyo hewa ya Kitale, maana ni uongo wenye nusu ya ukweli ndani yake, na aina hiyo ndiyo inayouzika.

Ni kweli kabureta haina akili. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake inavuta petroli kupitia tundu la jeti, basi. Ukipanda mlima, kila lita ya hewa inakuwa na uzito mdogo, lakini tundu la jeti ni lile lile, kwa hiyo mchanganyiko unaelekea kuwa mzito. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900. Katika tofauti hiyo ya mita 500 kanieneo ya hewa inapungua kwa asilimia 6 hivi. Lakini mchanganyiko hauongezeki uzito kwa asilimia 6, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi hata mvuto wa petroli unapungua. Hesabu ni ya kipeuo cha pili, na jibu lake ni kama asilimia 3. Petroli huungua kikamilifu kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Ondoa asilimia 3 hapo, unapata 14.3. Injini haitajali, na hakuna moshi utakaouona. Hata gari lililorekebishwa Mombasa likaletwa Kitale bila kuguswa litazidisha kwa asilimia 10 hivi tu. Litakula mafuta kidogo zaidi na kukosa nguvu kidogo, lakini halitafuka kama tanuri la makaa.

Na hata bila hesabu: pikapu hii imeishi Kitale miaka na miaka bila moshi. Mlima Elgon haujaongezeka urefu tangu mwaka jana.

Swali ambalo hakuna karakana iliyouliza ni hili: ilianza lini, na ni kitu gani kilibadilishwa kabla haijaanza? Sisi waandika programu tukiambiwa mfumo umeharibika jana, cha kwanza tunatazama ni nini kiliingizwa juzi. Mjomba alikuwa na jibu tayari, hakuna aliyelitaka. Wiki moja kabla ya moshi alikuwa amewekewa pampu mpya ya mafuta.

Swali la pili: inafuka wakati gani? Kama ni kwenye mwendo wa barabarani tu, mtuhumiwa ni jeti kuu au njia zake za hewa, na vumbi la murram linapenda sana kuziba vitundu hivyo vya hewa. Kama ni ikiwa baridi tu, choki. Kama ni wakati wote, silensa na barabarani, basi petroli inafurika kabla hata ya kufika kwenye jeti. Gari la mjomba lilikuwa hili la mwisho. Sasa niambieni, skrubu ya mchanganyiko ilizungushwa ya nini? Skrubu hiyo inatawala silensa peke yake. Kuigeuza ili kutibu moshi wa barabarani ni sawa na kubadilisha rangi ya kitufe wakati hifadhidata imeanguka.

Kuna majaribio mawili ya bure, na nilimwonyesha mjomba yote mawili uani kwake (sigara mbali, mchanga karibu, tafadhali). La kwanza: injini ikiwa moto na iko silensa, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka mwisho. Kwenye kabureta nyingi injini inapaswa kuzima. Yake ikaendelea kuguruma. Maana yake kuna petroli inayoingia kwa mlango mwingine. La pili: bana bomba la petroli kabla ya kabureta. Injini yenye afya itaendelea kidogo kisha ife kwa kukosa mafuta. Yake kwanza ikapandisha kasi, ikatulia vizuri kama mpya, ndipo ikazima. Kwa muda mfupi bakuli la floti lilikuwa limeshuka hadi usawa wake wa haki. Ukifungua kichujio cha hewa na kumulika tochi kwenye koo, unaona petroli inadondoka pale ambapo kwenye silensa hapatakiwi tone.

Tukafungua. Ncha ya sindano ya floti ilikuwa na mtaro uliochongwa na kukaa pale pale miaka yote. Pampu ya zamani ilikuwa imechoka, msukumo wake mdogo, na sindano mbovu iliweza kuuzuia. Pampu mpya ikaja na springi mpya, sindano ikashindwa. Mwandika programu yeyote anaijua hali hii: hitilafu ililala humo miaka mingi ikisubiri mtu arekebishe kitu kingine vizuri.

Sindano na kiti chake ni vitu vidogo vinavyotoshea kwenye kiganja, na bei yake haikaribii ya kabureta. Kilichouma zaidi ni jeti. Namba za jeti ni mia za milimita, yaani 130 ni tundu la milimita 1.30. Ukilisugua kwa chuma likafika 1.40 umeongeza eneo la tundu kwa asilimia 16, mara tano ya hiyo hewa ya Kitale inayolaumiwa! Jeti husafishwa kwa upepo wa kompresa na petroli safi. Ikabidi mjomba anunue jeti nyingine, alipie kosa ambalo hakuja nalo.

Na si pesa ya petroli tu. Mafuta ya ziada yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini. Mjomba alikuwa ameona oili ikipanda kwenye kijiti cha kupimia, akadhani ni baraka. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, mwaga oili siku hiyo hiyo, la sivyo utakuja kununua ringi na beringi. (Diaframu ya pampu ikipasuka nayo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo usiache kuitazama.)

Najua wapo watakaoniambia kabureta ni mambo ya kale, anunue gari la injeksheni. Kwanza, bodaboda nyingi zinazowabeba bado zina kabureta. Pili, injeksheni haijatibu ugonjwa ninaousema. Fundi anachomeka skana, inaandika P0172, yaani mchanganyiko umezidi mafuta, naye anabadilisha sensa ya oksijeni. Kodi hiyo haijasema sensa imekufa! Huenda sensa ndiyo iliyokuwa ikisema kweli, na tatizo ni injekta inayovuja, au sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta kwamba injini ni baridi asubuhi na jioni, ikaendelea kumimina petroli kama choki iliyokwama.