Kwani Ayub Ogada Kwao Wapi?

Pale maskani kwetu Ziwa la Ng'ombe, jioni tukingoja viazi karai vitoke kwa mafuta, huwa napenda kuuliza swali moja. Nitajie mwanamuziki aliyezaliwa Mombasa, sauti yake ikafika kwenye sinema kubwa za ng'ambo. Majibu hayakosi. Mmoja atataja kijana wa mtaani anayerekodi chumbani kwa shangazi yake. Mwingine atataja taarab za mamake. Kuna mmoja hutaja Zein l'Abdin, manake babu yake alikuwa na kaseti zake. Ayub Ogada hatajwi. Sijamsikia akitajwa hata siku moja.

Nikimtaja mimi, jibu huwa lile lile: "Huyo si Mjaluo?"

Leo nataka tugombane juu ya hilo jibu.

Ayub Ogada alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1956. Wakati huo aliitwa Job Seda, na ukitazama sinema ya Out of Africa ya 1985 utamuona humo akiigiza kwa jina hilo. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band kule Nairobi. Mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga mitaani London, kofia chini, watu wakipita na haraka zao. Akatoka pale hadi jukwaa la WOMAD, akazunguka na Peter Gabriel, na mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ikatolewa na Real World, studio ya huyo huyo Gabriel. Mwaka 2005 wimbo wake Koth Biro, yaani mvua inakuja, ukatumika katika The Constant Gardener, sinema iliyompa Rachel Weisz tuzo ya Oscar. Na nyinyi mlioimba Yikes ya Kanye West mwaka 2018 mpaka majirani wakachoka: ndani yake kuna kipande cha Kothbiro ya Black Savage, bendi ya Kenya ya miaka ya sabini, na jina la Ayub Ogada liko kwenye orodha ya watunzi. Mlikuwa mkicheza muziki wa mtoto wa Mombasa bila habari.

Alifariki Februari 1, 2019, kule Kisumu. Mtaani kwetu hakuna aliyezima redio, hakuna aliyeuliza.

Sasa hiyo nyatiti yenyewe. Biblia ya Kiswahili inasema Daudi alipiga kinubi. Ala ya Daudi, kwa Kiebrania kinnor, ni ya ukoo mmoja na nyatiti: mikono miwili ya mti, mti mwingine umepita juu, nyuzi zimeshuka hadi kwenye kasha. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavuni, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga mti, na mguuni kuna njuga. Na bado anaimba. Kinubi, ngoma, njuga na mwimbaji, wote ni mtu mmoja. Tukiambiwa mpiga kinubi, tunawaza bibi wa Kizungu mwenye gauni refu na ala inayomzidi kimo. Ukweli ni kwamba watu wetu wanapiga vinubi vyao tangu zamani, na hawakungoja cheti cha Ulaya.

Nyatiti ya matangani huenda mbio. Mpigaji anasifu, anatania, anataja majina ya waliomtuza. Ayub aliipunguza mwendo. Aliacha nafasi kati ya uzi na uzi, akaimba kama mtu anayeongea na wewe peke yako usiku. Asiyejua neno moja la Kiluo husikiliza Koth Biro akanyamaza. Hiyo kazi ya kuchukua ala ya kelele za kilio na kuifanya isikike hata kwa kunong'ona ni ufundi wa miaka, msidhani ni bahati ya sinema.

Najua mtakachosema. Alizaliwa tu hapa, hakukulia, hata nyatiti hakujifunzia Mombasa. Sawa. Zein l'Abdin naye alizaliwa Lamu, na hakuna anayethubutu kusema si wetu. Udi aliopiga umetoka Uarabuni. Juma Bhalo aliimba Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na mji mzima ukalia naye. Fidla ilikuja, akodioni ikaja, kanuni ikaja, zote zikavua viatu zikaingia sebuleni. Hatujawahi kuuliza udi kwao wapi. Kitu kikivuka bahari tunakipokea kwa marashi. Kikija kwa treni kutoka bara, tunakiuliza kitarudi lini.

Hapo ndipo roho inaniuma, na sitajifanya haliniuhusu. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo msitegemee nadharia kutoka kwangu. Nawaambia ninachokijua. Mamangu ni Mgiriama. Babangu ni Mjaluo, na alikuwa amepanga chumba Likoni mwaka 1997. Agosti ya mwaka ule watu walioitwa wa bara walishambuliwa kule Likoni, wakauawa, wakafukuzwa. Baba alivuka feri na begi moja, akaishia huku Kisauni. Mimi nimezaliwa hapa Ziwa la Ng'ombe, Kiswahili changu ni cha hapa, na nilipoenda kuomba kitambulisho mtu aliyekaa nyuma ya meza alisoma jina langu la mwisho akaniuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" Nikamwambia Ziwa la Ng'ombe. Akasema, "Hapana, kwenu kwenu."

Baba alikuwa na kaseti mbili za nyatiti. Jumapili alizifungulia kwa sauti ya chini sana, sikio karibu na spika, kama mtu anayesikiliza habari za siri. Nilidhani redio ina kasoro. Nilipokua ndo nikaelewa kwamba redio ilikuwa nzima.

Kwa hivyo mtu akiniambia "huyo si Mjaluo?", sisikii swali la muziki. Nasikia yule wa nyuma ya meza. Kumkana Ayub Ogada ni njia ya adabu ya kusema kwamba kuzaliwa Mombasa hakutoshi. Na kama hakumtoshi mtu aliyekanyaga majukwaa ya dunia, kutamtosha vipi fundi wa boda wa Bombolulu, au mama muuza omena wa hapa kona?

Sisemi tumpokonye Siaya wala Kisumu mtu wao. Lugha aliyoimbia ni yao, ala ni yao, kaburi liko kwao. Mtu anaweza kuwa na kwao mbili. Nusu ya mtaa huu ina kwao mbili, tunaona haya tu kusema.

Ninachotaka si kikubwa. Tukiandaa usiku wa muziki wa pwani, nyatiti ipewe kiti pamoja na udi na chivoti. Wapigaji wapo, mbona kwenye matanga ya huku Kisauni tunawasikia? Walimu wa muziki wa shule zetu wawaambie watoto kwamba mmoja wa wapiga kinubi waliosikika zaidi duniani kutoka nchi hii alizaliwa mji huu. Vijana wanaochora kuta waache kidogo sura za wachezaji wa Uingereza, wamchore mtu mmoja na nyuzi nane.

Na pale maskani, yule atakayeniuliza tena kama Ayub si Mjaluo, nitamjibu ndiyo, ni Mjaluo. Mjaluo wa Mombasa. Halafu nitafungulia Koth Biro kwa spika ya muuza viazi, sauti hadi mwisho, baba aisikie akiwa ndani.