Mtoto akiishiwa nguvu za miguu ghafla: kama si polio, ni nini?

Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa miaka mitatu mjini Lilongwe alikuwa amepooza kwa virusi vya polio ya asili. Mei mwaka huohuo Msumbiji nayo ikatangaza mgonjwa katika jimbo la Tete. Tanzania, ambayo ilimwona mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, ikaanza kampeni za matone nyumba kwa nyumba. Kwa sisi wa Lisekese, Masasi na Newala habari hiyo haikuwa ya mbali. Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma, na watu huvuka kila siku kwa biashara, mazishi na harusi.

Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko wa Malawi na Msumbiji umekwisha. Ufuatiliaji, hata hivyo, haujakoma. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla anatakiwa aripotiwe na achukuliwe sampuli mbili za choo. Majibu ya wengi wao hurudi yakisema: si polio. Familia hushukuru Mungu, lakini mtoto bado hatembei.

Ukurasa huu unahusu swali linalobaki hapo. Kama si polio, ni nini? Na wewe mama, bibi au shangazi unayemlea mtoto huyo unaweza kufanya nini?

Kinga ya mwili inapokosea adui

Mahali ambapo polio imedhibitiwa, chanzo kikubwa cha watoto kulegea ghafla ni ugonjwa uitwao Guillain-Barré (tamka "Giyan-Bare"), kutokana na majina ya madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916.

Kwa kawaida huanza baada ya ugonjwa mdogo. Mtoto anaharisha au anapata mafua na kikohozi, anapona, na wiki moja hadi tatu baadaye miguu inaanza kuwa mizito. Kilichotokea ni kwamba kinga ya mwili ilitengeneza silaha za kupambana na kijidudu kile, lakini sehemu ya kijidudu inafanana na ganda linalofunika mishipa ya fahamu. Ni kama sungusungu waliotoka usiku kumtafuta mwizi wakaishia kumpiga mwenye nyumba kwa sababu shati lake linafanana na la mwizi. Ganda la mshipa likiharibika, amri ya ubongo haifiki mguuni, kama waya wa umeme uliochunika.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hausababishwi na mama kula kitu fulani akiwa mjamzito, wala na jirani mwenye kijicho.

Ni nadra: duniani hupata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na watoto hupata kidogo kuliko watu wazima. Lakini piga hesabu. Mkoa wa Mtwara una watu takriban milioni 1.6. Kwa makadirio hayo, kila mwaka tungetarajia watu kama 16 hadi 32 mkoani, wakubwa kwa watoto. Ugonjwa wa nadra maana yake ni kwamba mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona. Ndiyo sababu macho yako wewe yana thamani.

Ishara za kuangalia

- Udhaifu huanza miguuni pande zote mbili, kisha hupanda: mapaja, mikono, hata uso.
- Huongezeka siku hadi siku, wakati mwingine saa hadi saa. Wengi hufikia kilele ndani ya wiki mbili, na karibu wote ndani ya wiki nne.
- Miguu ni milegevu, si mikakamavu.
- Mtoto husikia ganzi au kuchomwachomwa kama sindano kwenye nyayo na vidole.
- Mtoto mdogo asiyejua kujieleza hulia akibebwa, hulalamikia mgongo au miguu, hukataa kusimama. Watu humwona mtundu au mvivu, kumbe anaumia.

Kwa kawaida homa haipo wakati udhaifu unapoanza. Kipimo cha malaria kikiwa hakionyeshi kitu na mtoto anazidi kulegea, usikubali kurudi nyumbani na panado peke yake.

Kwetu kuna konzo pia

Daktari anayemwona mtoto wa Masasi au Newala lazima aulize swali ambalo wa mjini huenda asiliulize: nyumbani mnakula ugali wa nini, na muhogo wenu mliuandaaje?

Konzo ni ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sumu ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, kwa mtu ambaye chakula chake kina upungufu wa protini. Mkoa wa Mtwara ulipata milipuko ya konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hutokea hasa wakati wa ukame na njaa, kwa sababu mbili zinazokutana. Muhogo uliokosa mvua huwa na sumu nyingi zaidi, na watu wenye njaa hawawezi kusubiri siku zote za kuukausha. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Konzo si ugonjwa wa kinga, na dawa za kinga haziusaidii. Ndiyo maana kutofautisha ni muhimu:

- Guillain-Barré: miguu milegevu, ganzi, udhaifu unapanda kwa siku kadhaa. Daktari akigonga goti kwa kinyundo, mguu hauruki.
- Konzo: miguu mikakamavu, mtoto hutembea kwa vidole au magoti yakigongana. Huja ghafla kisha hauendelei. Hakuna ganzi ya kudumu. Goti likigongwa, mguu huruka kupita kiasi.
- Polio: homa kwanza, kisha kulegea, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Hakuna ganzi.

Wewe huhitaji kuamua ni upi. Kazi yako ni kueleza ulichokiona na siku kilipoanza. Konzo likitokea haliponi kabisa, kwa hiyo kinga yake iko jikoni. Unga wa muhogo mchungu ukishautwanga, uweke kwenye bakuli na uweke alama mahali unga ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu hutoka hewani. Ongeza kunde, choroko, mbaazi au dagaa kwenye mlo.

Hospitalini watafanya nini

Kwanza watampima nguvu na kugonga magoti. Watachukua sampuli mbili za choo, zikitofautiana kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu udhaifu uanze. Usizikatae: zinamlinda mwanao na kijiji kizima.

Huenda wakaomba kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hapa ndipo familia nyingi huogopa na wengine hutoroka wodini, kwa sababu mtaani husemwa kwamba kipimo hicho hupoozesha. Sindano huingia chini ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha. Maji hayo huonyesha kama ni homa ya uti wa mgongo, ambayo ina dawa yake. Katika Guillain-Barré protini huwa nyingi na chembe za kinga huwa chache, ingawa wiki ya kwanza kipimo kinaweza kuonekana cha kawaida.

Tiba zinazotuliza kinga ni mbili. Ya kwanza ni dripu ya kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji. Kipimo chake hutegemea uzito: gramu 2 kwa kila kilo, kwa kawaida zikigawanywa kwa siku tano. Mtoto wa kilo 20 huhitaji gramu 40, na gharama yake ni ya mamilioni ya shilingi. Ya pili ni kusafisha damu kwa mashine, kuondoa majimaji yenye silaha zilizokosea. Zote mbili husaidia kwa kiwango kinachokaribiana, na hufaa zaidi zikianza mapema. Hupewa hasa mgonjwa asiyeweza kutembea bila msaada au anayezidi kudhoofu haraka. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo husaidia magonjwa mengine ya kinga, hazisaidii Guillain-Barré. Ukiambiwa ununue, uliza ni za nini.

Usikate tamaa ukisikia bei. Kinachookoa maisha ya wengi ni uangalizi: kupimwa pumzi mara kwa mara, kulishwa kwa mpira akishindwa kumeza, kugeuzwa kitandani, mazoezi ya viungo. Wagonjwa kati ya 20 na 30 katika kila 100 huhitaji mashine ya kupumulia kwa muda. Wakivushwa salama, wengi hupona: baada ya miezi sita, takriban wanane kati ya kumi hutembea bila msaada.

Dalili za kutosubiri asubuhi

Ondoka mara moja, hata usiku, ukiona:

- sauti imekuwa ndogo au kilio kimekuwa hafifu;
- anapaliwa na maji au mate;
- anapumua haraka au kwa shida, kichwa hakiinuki;
- mkubwa anayeweza kuhesabu anashindwa kufika alipofika jana. Mwambie avute pumzi ahesabu kwa sauti bila kupumua tena. Jana alifika 20, leo anaishia 10: nenda.

Njiani mweke kichwa kikiwa juu kidogo, au alale ubavu akiwa anapaliwa. Usimlishe. Usimchue kwa nguvu, na usikubali achomwe sindano za msuli mtaani.

Zahanati ya kijiji haina mashine ya kupumulia. Mtoto aliyelegea apelekwe hospitali: Mkomaindo, Newala au Ndanda, iliyo karibu nawe. Ukifika, uliza mapema: "Pumzi ikibadilika, atapelekwa wapi?" Jibu linaweza kuwa Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, au Muhimbili. Rufaa iliyopangwa mchana pumzi ikiwa nzuri ni salama kuliko ya saa nane usiku pumzi ikiwa imekata.

Sura nyingine za tatizo hilohilo

Kinga inaweza pia kushambulia ubongo. Kijana aliyekuwa mzima anaanza ghafla kuongea ovyo, kukosa usingizi, kupata degedege na kukakamaa. Wengi hupelekwa kwa waganga kwa siku nyingi kabla ya kufika hospitali. Mojawapo ya magonjwa hayo lilitambuliwa kisayansi mwaka 2007 tu, na lina tiba. Hapa steroidi husaidia.

Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona tangu miaka ya 1960 watoto wenye kifafa wanaoinamisha kichwa mara kwa mara, hali ambayo wenyeji huiita "amesinzia kichwa". Inahusishwa na minyoo inayoenezwa na nzi wa mtoni. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kingamwili dhidi ya minyoo hiyo zinaweza kudhuru seli za ubongo, ingawa wanasayansi bado wanajadiliana. Kwa miaka mingi familia hizo ziliambiwa ni laana.

Swali la kuuliza baada ya majibu

Mfumo wetu wa kuripoti watoto waliopooza ni mzuri, lakini ulijengwa kwa ajili ya polio. Choo cha mtoto husafirishwa kwenye barafu hadi maabara maalumu. Mtoto mwenyewe, polio ikishakanushwa, hurudi mikononi mwa mama yake. Ugonjwa mara nyingi huja kipindi cha mvua, pesa za korosho zikiwa zimekwisha na mpya hazijafika.

Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake kwetu kitakuwa hiki: je, mtoto wa mkulima wa Lisekese atapata dripu ya gramu 40 bila familia kuuza shamba la mikorosho? Na je, itapatikana Mtwara, au mpaka Dar es Salaam?

Wakati tunasubiri, tumia kilichopo. Mtoto wa chini ya miaka mitano ana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya serikali kwa mujibu wa sera. Kwa mkubwa zaidi, omba kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, kabla deni halijakua. Andika kwenye daftari la kliniki tarehe udhaifu ulipoanza na ulivyopanda. Mkamilishie chanjo zake, ya polio ikiwemo. Na siku ya 60, wafuatiliaji wanaporudi kumpima kama bado ana ulemavu, usiwaache waondoke na "si polio" peke yake. Waulize: "Basi ni nini, na mazoezi yake anayapatia wapi?"