Utetezi wa Vioja

Wenzangu wa barazani walicheka mpaka wakapaliwa na kahawa siku niliyowasimulia habari ya ndizi. Desemba 2019, mjini Miami, Marekani, Mwitaliano Maurizio Cattelan alibandika ndizi mbivu ukutani kwa utepe wa gundi, akaiita Mchekeshaji, ikauzwa dola 120,000. Novemba 2024 ikapigwa mnada New York, ikafika dola milioni 6.2. Mnunuzi, tajiri wa sarafu za mtandaoni mzaliwa wa China, akaila mbele ya waandishi wa habari. Alichonunua hasa ni cheti na maelekezo ya kubandika. Ndizi yenyewe ikioza hubadilishwa.

"Huo si usanii, ni wazimu," akasema mzee mmoja, na wote wakaafiki.

Mimi siafiki. Wala siafikiani na wataalamu wanaoisifu. Kioja si kitu kigeni kwetu. Nyumbani kwangu ipo sanamu ya shetani ya Kimakonde, ya mpingo, mdomo uko tumboni na jicho limetokeza kisogoni. Shangazi yangu hakubali kulala nayo chumba kimoja. Hata hivyo, hakuna mgeni aliyewahi kuniambia kwamba mchongaji yule hajui mwili wa binadamu ulivyo.

Ninachouliza ni hiki: kioja kinamlenga nani? Wasanii wa Dada walipoanza kupayuka maneno yasiyo na maana kule Zurich mwaka 1916, Ulaya ilikuwa vitani, vita ileile iliyowasomba wapagazi wetu na kutuachia jina la Kariakoo. Wakubwa walikuwa wakieleza kwa lugha fasaha kabisa kwa nini vijana wafe matopeni. Mtu ajibu nini hapo, kama si upuuzi? Mwaka uliofuata, New York, chama kimoja cha wasanii kilitangaza kwamba kila alipaye ada ataonyesha kazi yake bila kuchujwa. Marcel Duchamp akawapelekea chombo cha kukojolea, kimetiwa saini ya R. Mutt. Wakakikataa! Ahadi yao ikaumbuka palepale.

Sasa ndizi imemuumbua nani? Matajiri wanaodhihakiwa ndio wanaolipa, tena wanapiga makofi. Ndizi ile ya mnada ilinunuliwa kibandani, kwa mchuuzi wa matunda, kwa senti 35. Kama kuna kioja chenye meno katika habari nzima, ni hicho, nacho hakimo kwenye cheti.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilifundisha kuchora miaka mingi. Mwaka 1983 niliagiza darasa la sita wachore picha ya ufugaji. Kijana mmoja, mkimya, akachora ng'ombe kaketi juu ya kigoda anamkamua bwana mnene aliyevaa suti ya Kaunda. Mikono ya ng'ombe ilikuwa ya mkulima, yenye sugu. Sijaona picha ya mwanafunzi iliyoipita. Nikaandika kwa wino mwekundu, "Ng'ombe hakamui mtu," nikampa sifuri.

Wenzake walikuwa wameziba midomo wasicheke. Walikuwa wameelewa. Nami nilikuwa nimeelewa, ndiyo maana nikaichana vipande vidogo vidogo kabla mkaguzi hajafika Jumatatu.