Majaribio nayo yanataka mtunzaji

Wasomaji, kuna anayeniuliza mbona nahangaikia majaribio ya programu. Haya. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. KenyaEMR imejengwa juu yake. Mstari mmoja ukiharibika, daktari anaweza asione dawa ya mgonjwa. Ndiyo maana seva hujaribu kila badiliko. Sisi wa Kibirichia twafaidi zaidi: natuma kilobaiti chache, upakuaji mzito unafanyika huko (na bando si bure, jamani).

Ila majaribio huchakaa. Travis CI ilipofunga travis-ci.org Juni 2021, miradi huria iliyokuwa humo ililazimika kuhama. Na jaribio linalofeli leo, kesho likafaulu bila kuguswa, huwazoesha watu kupuuza nyekundu. Anayelirekebisha ni mwandishi wa programu kamili. Jina lake liwekwe pamoja na wengine toleo linapotoka.