Kila Shimo na Liitwe kwa Jina Lake

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza iwapo mashimo makubwa yanayoonekana katika picha za sayari ya Mirihi ni volkano zilizozimika. Swali hilo halikunishangaza. Madarasani tumezoea kuita kila shimo kubwa "kreta", liwe la Menengai, lililotokana na volkano, au la Mirihi, lililochimbwa na kimondo. Neno moja limetwikwa mizigo miwili, nalo limelemewa.

Yamkini wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu tu. La hasha! Hebu tuitazame safari ya Opportunity, kigari cha Marekani kisichokuwa na dereva. Kilitua Mirihi Januari 2004 katika shimo dogo la Eagle, lenye upana wa mita 22 hivi, kikitarajiwa kufanya kazi kwa siku 90. Kutoka hapo kilikwenda Endurance. Mwaka wa 2006 kikafika Victoria. Na mwaka wa 2011 kikawasili kwenye ukingo wa Endeavour, lenye upana wa kilomita 22 hivi. Kilinyamaza Juni 2018, tufani ya vumbi ilipolificha jua, kikiwa kimesafiri zaidi ya kilomita 45.

Kwa nini kihangaike kutoka shimo hadi shimo? Kimondo kiigongapo sayari hufukua ardhi na kufichua matabaka ya miamba ambayo kigari kidogo hakingeweza kuyachimbua. Aghalabu shimo likiwa kubwa zaidi, hufichua miamba iliyozikwa chini zaidi. Katika miamba hiyo wataalamu walisoma dalili kwamba hapo kale Mirihi ilikuwa na maji. Mwanafunzi anayedhani kwamba mashimo hayo ni midomo ya volkano hawezi kamwe kuelewa maana ya safari hiyo.

Kosa si lake, wala si la Kiswahili. Lugha yetu inalo neno "kasoko" kwa shimo la volkano. Lile jingine tuliite waziwazi "shimo la kimondo", jina ambalo hata mtoto wa shule ya msingi ataling'amua bila ya kufafanuliwa.

Walimu wenzangu, tusingoje kamati ituidhinishie. Kesho tuandike maneno hayo mawili ubaoni, bega kwa bega, kisha tuwaulize wanafunzi: ni nguvu gani iliyolifanya kila shimo? Hapo tutakuwa tumefunza lugha na sayansi kwa pamoja.