Mwalimu na Achunge Ulimi Wake

Shimanzi ni mtaa wa kazi. Malori ya mafuta hupanga foleni, makuli hubeba shehena, na akina mama huuza mahamri na mbaazi tangu alfajiri. Ukimwambia mkazi wa huko kwamba yuko mtoto aliyewekewa chakula akakiogopa, atakujibu kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu.

Jibu hilo halitoshi tena. Mwaka 1995 televisheni ilikuwa ndiyo kwanza imefika katika jimbo la Nadroga, nchini Fiji, ambako unene ulikuwa sifa kama ulivyokuwa Pwani yetu. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule. Hapakuwa na hata mmoja aliyekiri kujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 alihoji kundi jingine la wasichana wa huko, na asilimia 11.3 wakakiri. Leo mtoto wa Mombasa ana simu, nayo ni televisheni isiyozimwa.

Sisi watu wa lugha hutazama maneno kwanza. Zamani kumwambia mtu amenawiri kulikuwa kumsifu, na kukonda kulitiwa huruma. Siku hizi "bonge" ni jina la dhihaka, na kwa masikitiko makubwa, hutoka hata kinywani mwa mwalimu. Maradhi yenyewe, kinyume chake, hayana jina lililozoeleka. Msichana anayesusa chakula huambiwa anadeka. Anayejitapisha hudhaniwa ana vidonda vya tumbo. Lisilo na jina hupita mbele yetu bila kuonekana, nalo laweza kuua.

Basi shule zifanye nini? Hotuba inayosimulia jinsi wagonjwa wanavyojinyima chakula yaweza kuwafunza wanafunzi mbinu hizo hizo. Huko Marekani, Eric Stice na wenzake walifuata njia nyingine iliyoleta mafanikio: wasichana wenyewe hupinga, kwa hoja, kwa maandishi na kwa maigizo, dhana kwamba uzuri ni wembamba. Anayetetea jambo kwa kinywa chake huanza kuliamini.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Mombasa ni mji wa malumbano ya washairi, na midahalo ni desturi ya shule zetu. Mada hii na iingie humo, wavulana nao wakiwemo.

Walimu nao wana wajibu. Mtoto asipimwe uzito mbele ya wenzake, wala asibandikwe jina kwa umbo lake. Saumu ya Ramadhani ni ibada, nayo ina futari. Anayefunga bila kufuturu yafaa aangaliwe. Mwalimu wa ushauri nasaha awaone wazazi mapema, mtoto afikishwe kwa daktari kabla hajaanza kuzirai darasani.

Wahenga walinena, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kinga ya maradhi haya haihitaji kusubiri bajeti ya serikali. Yaweza kuanza kesho asubuhi, mwalimu anapoita majina ya wanafunzi wake.